Vifaa vya wodi ya vitanda vinne, vikipimwa kwa zamu ya usiku

Wagonjwa wanne wanaolala chumba kimoja wanagawana hewa, choo, na mikono ya mhudumu anayetoka kitanda hiki kwenda kile. Vifaa vingi vinavyouzwa kwa jina la kuzuia maambukizi huahidi kukata mojawapo ya njia hizo tatu. Tathmini hii inaangalia aina za vifaa na kuacha chapa, kwa sababu tofauti kati ya pazia la kitambaa na skrini ya kufutika ni kubwa kuliko tofauti kati ya mapazia ya watengenezaji wawili.

Kipimo ni kimoja tu. Ni saa nane usiku, muuguzi yuko peke yake, mgonjwa mmoja anaharisha, wa pili ana homa, wa tatu ana katheta (mrija wa kutolea mkojo), wa nne anaomba maji. Kifaa kinachotumika vizuri saa hiyo kinastahili pesa. Kinachodai ngazi, mtu wa pili, ufunguo wa stoo au karatasi ndefu ya maelezo kitaachwa pembeni, hata kama majibu yake ya maabara yanang'aa.

Mapazia na skrini

Pazia hununuliwa kwa rangi na bei, na hapo ndipo makosa yanapoanza. Liangalie kwa karibu: sehemu chafu zaidi ni ukingo wa mbele, kati ya kiuno na bega, pale mkono unaposhika kila mara kulivuta. Muuguzi anamhudumia mgonjwa, anatakasa mikono kando ya kitanda kama alivyofundishwa, kisha anashika ukingo uleule kutoka nje. Mikono iliyokuwa safi sekunde mbili zilizopita imebeba tena vimelea vya kitanda cha kwanza, na kitanda cha pili kiko hatua tatu mbele. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kutoka Iowa, Marekani, ulifuatilia mapazia mapya 13. Ndani ya wiki moja, 12 kati yake yalikuwa yamepata bakteria wanaoweza kuleta ugonjwa. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni jinsi pazia linavyoshuka, linavyosafishwa na linavyorudi juu.

Mapazia ya kitambaa bado yanafaa mahali penye dobi la uhakika, yaani mashine inayofikisha maji nyuzi 71 na kuyashikilia hapo kwa muda uliowekwa. Kwa vitanda vinne, nunua seti tatu: moja inaning'inia, moja iko dobi, moja iko kabatini tayari. Ukinunua moja na nusu, pazia litabaki juu hata likiwa na doa, kwa kuwa hakuna la kuweka badala yake. Chagua aina ambayo wavu wa juu unabaki kwenye reli na kitambaa cha chini kinabanduliwa kwa vifungo vya kubana. Aina ya kulabu 20 zilizoshonwa moja kwa moja inataka ngazi, na ngazi haipandwi usiku. Huo wavu wa juu, wa nusu mita hivi, unaruhusu pia hewa na mwanga kupita, jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau mpaka chumba kianze kunuka. Upindo wa chini usiguse sakafu; uache sentimita 30 ili mopu ipite na kitambaa kisinywe maji ya deki.

Mapazia ya kutupwa, yaliyotengenezwa kwa plastiki ya polipropilini, ni mepesi na hubadilishwa kwa dakika chache. Yana nafasi ya kuandika tarehe yalipotundikwa, na tarehe hiyo iandikwe kweli, kwa kalamu isiyofutika. Yanafaa sana wakati wa mlipuko: mgonjwa mwenye kuharisha akiondoka, pazia linaingia mfuko wa taka palepale. Udhaifu wake ni mawili. Hupasuka kwenye matundu ya kulabu yakivutwa kwa nguvu, na huzalisha taka nyingi zisizooza. Wengine hujaribu kuyafua ili kubana matumizi. Yakifuliwa yanapoteza umbo pamoja na dawa ya kuzuia moto.

Neno kuhusu mapazia yanayotangazwa kwamba yanaua bakteria yenyewe. Dawa iliyotiwa kwenye nyuzi inaweza kupunguza idadi ya bakteria kadiri saa zinavyopita. Mkono wa muuguzi unakaa kati ya kitanda na kitanda kwa sekunde. Zaidi ya hapo, doa la damu au kinyesi linafunika nyuzi na dawa haifiki kwa kimelea. Kama bei yake ni sawa na ya pazia la kawaida, chukua. Kama ni mara mbili, nunua seti ya akiba.

Skrini za kukunja zenye magurudumu ndizo zinazohitaji uangalifu mkubwa zaidi katika kundi hili. Uzuri wake ni kwamba zinafutika. Ubaya ni kwamba zinatembea. Pazia, hata likiwa chafu, hukaa na kitanda chake. Skrini isiyofutwa inaupeleka uchafu wa kitanda cha kwanza mpaka cha nne ndani ya zamu moja. Ukinunua, hakikisha kila kitanda kina yake, ina namba ya kitanda, bawaba zake zimefunikwa kwa ukanda laini wa plastiki (bawaba za wazi hujaza vumbi na haziwezekani kufutwa), na breki ziko kwenye magurudumu yote. Mgonjwa dhaifu anayeamka kwenda choo hushika chochote kilicho karibu, na skrini isiyo na breki humwangusha.

Bora kuliko zote, kwa chumba kinachojengwa au kukarabatiwa, ni skrini ngumu zinazofungwa ukutani na kuvutwa kama akodioni. Zina mshikio mmoja, na mhudumu anajua hasa pa kufuta. Kasoro yake ni kuficha mgonjwa; chagua zenye sehemu ya juu inayopitisha mwanga, ili muuguzi aone kama mtu anajaribu kushuka kitandani.

Hakuna hata moja kati ya hizi inayozuia kifua kikuu wala surua. Magonjwa hayo husafiri na hewa, na hewa hupita juu, chini na pembeni. Kwa matone ya kikohozi, kinga ya kwanza ni umbali: angalau mita 1 kati ya ukingo wa kitanda na ukingo wa kitanda kingine. Pima kwa futi kamba vitanda vikiwa vimesukumwa mahali pake pa kila siku, maana mchoro wa jengo mara nyingi hausemi ukweli wa leo.

Kitakasa mikono

Shirika la Afya Duniani linataja nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, baada ya kuhatarika kuguswa na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Hesabu ni mara ngapi hilo hutokea kwa wagonjwa wanne kwa usiku mmoja, utaona kwa nini chupa moja mlangoni haitoshi. Dawa inatakiwa iwe pale mkono unapofika bila kupiga hatua.

Chupa ya nusu lita inayoshikizwa kwenye chuma cha mwisho wa kitanda ndiyo inayoshinda. Inaonekana, haihitaji umeme, na ikipungua mtu anaiona. Mashine za ukutani zinazotoa dawa zenyewe bila kuguswa ni nzuri mpaka betri iishe. Tangu hapo zinabaki mapambo, na hakuna anayejua ziliacha kufanya kazi lini. Mashine za kusukuma kwa kiwiko hudumu zaidi. Chupa ndogo za mfukoni mwa muuguzi zinafaa chumba chenye mgonjwa aliyechanganyikiwa, anayeweza kunywa dawa hiyo. Hilo hutokea, na spiriti ya asilimia 80 ni hatari kweli.

Kabla ya kulipia shehena, fanya jaribio hili. Bonyeza pampu mara 10 ndani ya silinda ya kupimia. Viganja vya mtu mzima vinahitaji mililita 2 hadi 3 ili vibaki na unyevu kwa sekunde 20 hadi 30 za kusugua. Kama mibonyezo 10 imetoa mililita 9, basi kila mtu anayebonyeza mara moja anapaka chini ya nusu ya dozi, vidole gumba na ncha za vidole vinabaki vikavu, na takwimu za "matumizi ya kitakasa mikono" zitaonekana nzuri huku maambukizi yakiendelea. Pampu za namna hiyo ni nyingi kuliko inavyodhaniwa.

Anayetaka kujitengenezea ana fomula ya Shirika la Afya Duniani. Kwa lita 10: ethanoli ya asilimia 96, mililita 8,333, haidrojeni peroksidi ya asilimia 3, mililita 417, gliseroli ya asilimia 98, mililita 145, kisha maji yaliyochemshwa na kupoa, au yaliyokenekwa, mpaka ujazo utimie. Changanya, funga, acha kwa saa 72 ili peroksidi iue spora (hali ngumu ya bakteria waliojifungia) zilizokuwamo kwenye vyombo. Gliseroli ni ya kulinda ngozi. Ukiizidisha mikono inanata na watu wanaacha kutumia. Chupa ikiisha, ioshwe, ikaushwe, ndipo ijazwe upya. Kuongezea dawa mpya juu ya mabaki ya zamani ni tabia ya kuachwa kabisa.

Kuna pahala ambapo kitakasa mikono cha spiriti kinashindwa waziwazi: spora za Clostridioides difficile, bakteria wa utumbo anayeleta kuharisha. Mgonjwa akiharisha na bakteria huyo akashukiwa, vaa glavu, kisha osha mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 40 hadi 60. Muuzaji anayesema dawa yake ya spiriti "inaua vyote" ameshajibu swali la kama umwamini.

Sinki ni mtego wenyewe. Ndani ya tundu la maji machafu bakteria hujenga utando usiong'oka kwa klorini ya kumwaga. Toronto, Kanada, mlipuko wa bakteria Pseudomonas ulihusishwa na masinki ya kunawia, na rangi ya majaribio ilionyesha maji yakiruka angalau mita 1 kutoka kwenye tundu. Usinunue sinki ambalo bomba linamwaga moja kwa moja juu ya tundu. Chagua lenye bakuli la kina na bomba linalopiga ukuta wa bakuli. Sindano na dawa zisiandaliwe pembeni yake. Na maji ya kuogeshea mgonjwa, au mabaki ya dripu, yasimwagwe humo.

Hewa

Mashine za kusafisha hewa zimeuzwa sana tangu 2020. Chujio la HEPA, lile la kunasa chembe ndogo sana, linanasa asilimia 99.97 ya chembe za maikromita 0.3, hilo ni kweli. Tatizo ni hesabu. Chumba cha mita 6 kwa 5, urefu 3, kina mita za ujazo 90. Shirika la Afya Duniani linapendekeza lita 60 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa kwenye wodi ya kawaida. Kwa wagonjwa wanne ni lita 240 kwa sekunde, sawa na mita za ujazo 864 kwa saa, yaani hewa yote kubadilika zaidi ya mara 9 kila saa. Mashine iliyoandikwa CADR (kiasi cha hewa safi inachotoa) ya mita za ujazo 300 kwa saa inakupa mara 3 na kidogo, tena kwa kasi ya juu kabisa. Usiku wagonjwa wanalalamika kelele, inashushwa kasi, na unabaki na sehemu tu ya hiyo.

Kwa hiyo uliza CADR ya kasi ya chini, ile itakayotumika watu wakiwa wamelala, na ununue kwa namba hiyo. Iweke mbali na pazia linaloweza kuziba mdomo wake. Madirisha ya pande mbili yanayofunguka kweli, yasiyozibwa na kabati, yanaweza kuzidi mashine mbili. Feni ya mezani isielekezwe ili ipulize hewa ya mgonjwa anayekohoa kuelekea kwa jirani yake.

Vipukusi: vitambaa vyenye dawa na klorini

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na hapa ndipo ubora wa kifaa hutegemea zaidi mkono unaokitumia.

Vitambaa vilivyokwisha kulowekwa dawa, vinavyokaa kwenye kopo au pakiti, vinapita kipimo cha usiku kwa urahisi: unavuta, unafuta, unatupa. Vingi vina dawa za jamii ya amonia ya kwatenari. Soma muda wa kubaki na unyevu ulioandikwa. Kama dawa inadai dakika 3 na uso wa kabati unakauka kwa dakika 1, basi haijafanya kazi iliyoahidiwa. Tumia kitambaa kikubwa zaidi au viwili. Kitambaa kimoja kwa eneo moja, kwa mwelekeo mmoja, kutoka pasafi kwenda pachafu. Yule anayefuta meza ya mgonjwa, vyuma vya kitanda, kisha meza ya jirani kwa kitambaa kilekile anasambaza kwa ufanisi kuliko kama asingefuta. Kifuniko cha pakiti kikiachwa wazi usiku kucha, asubuhi vitambaa vya juu ni karatasi kavu.

Mipaka ya jamii hii ya dawa ijulikane mapema. Haiui spora. Kwa fangasi Candida auris, nyingi kati yake ni dhaifu. Na ukizitia kwenye ndoo na kuchovya vitambaa vya pamba, pamba inaifyonza dawa na kuishikilia, kwa hiyo kinachobaki kwenye uso ni pungufu ya ulichopima. Tumia vitambaa vya maikrofaiba au vya sintetiki ambavyo mtengenezaji ameviidhinisha. Makopo yanayojazwa tena bila kuoshwa yamewahi kuwa makazi ya bakteria kama Pseudomonas na Serratia, ndani ya dawa yenyewe.

Klorini ni ya bei ndogo, ina nguvu pana, na haisamehi. Vidonge vya klorini vya aina ya NaDCC vinashinda maji ya klorini ya chupa kwa sababu hubaki na nguvu yake kwa muda mrefu vikiwa vikavu, na hesabu yake ni rahisi. Kidonge cha gramu 1.67 kinatoa gramu 1 ya klorini. Kidonge kimoja kwenye lita 1 ya maji ni asilimia 0.1, ya kufutia nyuso baada ya kuziosha. Vidonge 5 kwenye lita 1 ni asilimia 0.5, ya damu na majimaji ya mwili yaliyomwagika. Kosa linalojirudia ni ndoo isiyo na mstari wa lita: mtu anaweka kidonge kimoja kwenye "ndoo" ya lita 10 na kupata maji yenye harufu na nguvu ya moja ya kumi. Chora mstari kwa rangi ya mafuta ndani ya ndoo kabla hata hujafungua kopo la vidonge.

Kwa klorini ya maji, gawanya nguvu ya chupa kwa nguvu unayotaka, kisha ondoa 1; jibu ni sehemu za maji kwa sehemu moja ya dawa. Chupa ya asilimia 5 kupata 0.1: sehemu 49 za maji. Kupata 0.5: sehemu 9. Ya asilimia 3.5 kupata 0.5: sehemu 6. Andika hesabu hiyo kwenye karatasi, ifunike kwa plastiki, ibandike juu ya sinki la usafi.

Sabuni kwanza, klorini baadaye. Uchafu wa mwili hula klorini, na ukimwaga dawa juu ya kinyesi unaua nguvu ya dawa. Andaa upya kila siku, funika, weka mbali na jua. Acha dakika 10 kwenye mahali palipomwagika damu, halafu futa vyuma kwa maji ya kawaida, vinginevyo vitanda vitapata kutu, na kutu haisafishiki. Usichanganye na asidi wala amonia, na usimwage unga wa klorini juu ya mkojo: gesi inayotoka inaumiza mapafu ya watu wanne waliolala hapo. Pampu za kupulizia dawa zisinunuliwe kwa kazi hii. Matone hayafiki kila mahali, hayasugui chochote, na yule anayelala chini yake anayavuta.

Kuna kifaa kidogo ambacho kingepaswa kuwa kwenye kila oda: jeli isiyoonekana na tochi ya mwanga wa urujuanimno. Msimamizi anaweka nukta ndogo, zikauke, bila kumwambia mtu, sehemu kama kengele ya kumwita muuguzi, vyuma vya kitanda, mshikio wa kabati, nguzo ya dripu, swichi ya taa na mpini wa kuvutia maji chooni. Kesho yake anamulika. Nukta iliyopotea ilisuguliwa. Iliyobaki nzima haikuguswa. Iliyosambaa kama mkia wa nyota ilipitiwa kwa kitambaa kikavu. Kengele na nguzo ya dripu hushindwa mara nyingi, kwa kuwa ziko mkononi mwa mgonjwa au zimeunganishwa naye na msafishaji anaogopa kusumbua. Matokeo yatumike kupanga kazi upya, yaani nani anafuta nini na saa ngapi. Yakitumika kuadhibu wasafishaji, wiki ya pili watakuwa wanatafuta nukta badala ya kusafisha chumba.

Godoro

Jalada la godoro lililopakwa plastiki ya polyurethani linanyooka na mwili na halipitishi maji, likiwa zima. Shida ni kwamba linakufa kimya. Klorini isiyosuuzwa inalilainisha, kona za kitanda zinalikwangua, sindano inalitoboa, na kwa juu linaonekana safi kabisa huku sponji ndani imejaa majimaji ya mgonjwa wa mwezi uliopita. Anayelala juu yake anayabana yatoke tena.

Jaribio ni la dakika tatu. Fungua zipu yote, tazama upande wa ndani wa jalada na sponji chini ya makalio na kichwa. Ukiona doa, acha hapohapo, godoro limekwisha. Kama hakuna doa, weka karatasi ya kunyonya maji chini ya jalada, mwaga kikombe cha maji juu, bonyeza kwa ngumi kwa dakika moja, inua. Karatasi ikiwa na unyevu, jalada linabadilishwa. Wakati wa kununua, chagua mishono iliyochomwa kwa joto badala ya iliyoshonwa, na zipu yenye ulimi mpana wa kuifunika, iliyo upande wa chini. Magodoro yasiyofunguka yasinunuliwe kabisa, hata yawe ya bei ya kutupa.

Kuhusu vyombo vya kujisaidia kitandani, maneno machache. Mashine ya kuosha inayofikisha nyuzi 80 na kuzishikilia kwa dakika 1 inalipa gharama yake. Pasipo mashine hiyo, kila mgonjwa awe na chombo chake chenye alama, kioshwe kwa sabuni, kitiwe klorini, kikauke kikiwa kimeinamishwa. Vyombo vilivyopangwa vikiwa na maji, kimoja ndani ya kingine, havikauki na vimelea hustawi humo.

Vipimo vinavyozunguka

Kipimajoto, mkanda wa presha, oksimita (kipima oksijeni ya damu): vitu hivi hugusa wagonjwa wote wanne ndani ya robo saa moja. Mwaka 2018 madaktari wa Oxford, Uingereza, walichapisha jinsi mlipuko wa Candida auris katika wodi ya wagonjwa mahututi ulivyofuatana na vipimajoto vya kwapani vinavyotumika tena na tena. Vipimajoto vilipoondolewa, maambukizi yalishuka. Mashine moja ya kisasa ya kuzungushwa kwenye magurudumu inavutia machoni. Mikanda minne ya presha ya kufutika, kila mmoja ukining'inia kwenye kitanda chake, inalinda zaidi na kwa kawaida inagharimu kidogo. Mikanda ya kitambaa chenye nyuzinyuzi isinunuliwe. Chukua ya vinili laini isiyo na mishono, na uangalie vibandiko vyake vya kubana, maana humo ndimo ngozi na nywele hukwama. Mkanda ambao kibandiko hakisafishiki ufupishwe maisha.

Mashine ya kupima sukari ni jambo la kutofanyiwa mzaha. Milipuko ya homa ya ini aina B imetokea katika nyumba za kulelea wazee kwa sababu ya kalamu moja ya kutoboa kidole iliyopitishwa kwa watu wengi, sindano ikibadilishwa lakini mwili wa kalamu ukibaki na damu. Nunua lanseti (visindano vya kutoboa kidole) za kutumika mara moja, zinazojifunga zenyewe baada ya kuchoma, na usiruhusu aina nyingine kuingia chumbani. Mashine yenyewe, kama haiwezekani kila mgonjwa kuwa na yake, ifutwe kwa dawa inayoruhusiwa na mtengenezaji baada ya kila mgonjwa, ikae na unyevu muda ulioandikwa, kabla ya kumgusa anayefuata. Muulize muuzaji orodha ya vipukusi inavyostahimili. Kama hana orodha, mashine hiyo ni ya matumizi ya nyumbani, haifai wodi.

Kalamu za insulini hazigawanwi hata kwa sindano mpya, kwa kuwa damu huweza kurudi ndani ya katriji (kichupa cha dawa ndani ya kalamu) baada ya kuchoma. Jina la mgonjwa libandikwe kwenye mwili wa kalamu, kamwe si kwenye kifuniko, maana kalamu nne zikiwa juu ya trei moja, vifuniko hubadilishana.